Bububu: Kitongoji cha Chemchemi, Moshi na Mabinti wa Sayyid



Kila tukiwa na harusi mbele yetu kuna safari moja hatuikosi, nayo ni ya kufuata maua. Asmini ya kutunga, mkilua, langilangi, mrehani wa vikuba na karafuu za kusagia singo. Sokoni vipo, ila anayejua anajua kuwa asmini ya sokoni jioni huwa imeshalala. Kwa hivyo tunapanda daladala namba 502, tunakwenda zetu kaskazini, tunapita Mtoni, tunapita Kibweni, tunashuka njia panda ya Bububu, kisha tunatafuta gari ya kupanda Kidichi, ambako watu bado wana miti ya viungo na maua nyuma ya nyumba.

Safari ya mwisho tulikwenda na bibi harusi mwenyewe. Somo wake alinuna, maana mwari hatoki, lakini siku za kuwekwa ndani zilikuwa hazijaanza, tukamwomba radhi tukaondoka naye. Njiani akauliza, "Hivi kwa nini pakaitwa Bububu?" Hata kabla hatujafungua mdomo, utingo akajibu kuwa zamani ilikuwapo garimoshi, ikifika hapa inapiga bu-bu-bu! Gari zima likacheka. Sisi nasi tukacheka, lakini tulijua kuwa si kweli, na ndiyo sababu ya makala haya.

Garimoshi ilikuwapo, hilo halina ubishi. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu, kiasi cha maili saba, na kazi ikamalizika mwaka 1905. Ilipita katikati ya vichochoro vya Malindi, karibu na vibaraza vya watu hasa, kisha ikafuata pwani. Wageni waliotelemka melini kwa saa chache walikuwa wakiipanda kwenda kutazama mashamba na kurudi kabla meli haijang'oa nanga. Abiria waliendelea kuitumia mpaka mwaka 1922, na baada ya hapo ikabaki kubeba mawe kwa miaka michache, halafu ikafa. Wazee wa leo waliyoyasikia kuhusu reli hiyo waliambiwa na wazee wao.

Ila jina Bububu limeitangulia reli. Sayyida Salme binti Said, bintiye Sayyid Said bin Sultan, alichapisha kitabu cha maisha yake kule Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli kuwekwa, na ndani yake Bububu inatajwa kwa jina hilo hilo kuwa mahali alipokaa yeye mwenyewe miaka ya 1860. Basi garimoshi haiwezi kuwa ndiyo iliyolizaa jina. Maelezo ya pili, yanayotajwa pia na watu wa pale, ni kuwa jina ni sauti ya maji yanayobubujika kutoka chini. Hilo tunalikubali zaidi, kwa sababu maji ndiyo yaliyoifanya Bububu kuwa Bububu. Ukanda wote ule, tokea kilima cha Masingini mpaka baharini, una chemchemi na vijito. Mtoni pia jina lake limetokana na mto.

Na palipo na maji ya kuoga na kivuli cha miembe, wenye nguvu hujenga. Sayyid Said alipoihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, kasri lake la kwanza alilijenga Mtoni, kilomita chache tu kabla ya kufika Bububu. Huko ndiko Salme alikozaliwa mwaka 1844. Kwa maelezo yake mwenyewe, mle ndani mlikaa watu zaidi ya elfu moja: mke mkuu, masuria, watoto, watumwa, walezi, wapishi, walinzi. Kulikuwa na tausi uani na mabirika ya kuogea. Leo zimebaki kuta.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu bibi harusi wetu aliuliza swali la pili, na hili halikumchekesha mtu. "Hao masuria walikuwa wake?"

Hapana. Mke wa ndoa aliyetawala nyumba ile alikuwa Bi Azza binti Seif, binti wa ukoo wa kifalme wa Oman, na Salme anasema hata watu wazima walimwogopa. Yeye hakubahatika mtoto. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto thelathini na sita, na wote mama zao walikuwa masuria, yaani wanawake walionunuliwa. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, alichukuliwa vitani akiwa mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa, akauzwa, mpaka akafika Unguja. Wengine walikuwa Wahabeshi. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na anarithi sawasawa na mtoto wa mke, na mama aliyezaa hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Ndiyo maana Salme, binti wa mwanamke aliyenunuliwa, aliitwa Sayyida na akapata fungu lake la mirathi, na alipewa mkononi akiwa na umri wa miaka kumi na miwili tu: nyumba, shamba na fedha.

Sisi tunaopenda kusema "zama za masultani" kwenye harusi zetu, tukivaa kanga za kale na kupamba kitanda cha samadari, tukumbuke pia hao waliokuwa nyuma ya pazia. Mashamba ya karafuu ya Kizimbani na Kidichi, yanayotupa leo karafuu ya singo, yalilimwa na kuchumwa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwezi Aprili 1897, amri ile iliwaacha nje masuria. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, suria hakuweza, ila kama ameteswa. Walisubiri mpaka mwaka 1909. Miaka kumi na mbili mizima, na wengi wao walikuwa majumbani kama haya ya pwani ya kaskazini. Katika vitabu tulivyosoma jambo hili hupewa mstari mmoja.

Tuendelee na Salme, maana Bububu bila yeye ni njia panda tu.

Enzi hizo mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma Qur'ani. Kuandika, la. Ilionekana kuwa binti anayejua kuandika ataandika yasiyofaa. Salme alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama ulivyotumika badala ya ubao. Ilipojulikana, wengi walimsema. Lakini mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao mwingine, Sayyid Majid, aliyeshika kiti Unguja, kalamu ile ile iliyolaaniwa ikatafutwa. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na ndiye aliyeziandika barua za njama. Dada yake Khole alikuwa naye. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, mabinti hawa walikwenda na kundi la wanawake waliojifunika, wakaingia, wakatoka na kaka yao akiwa kajitanda nguo za kike katikati yao, askari wakaona haya kuwakagua. Tukilisimulia hili kwenye singo watu huvunjika mbavu.

Lakini halikuishia kwenye kicheko. Uasi ulishindwa, Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Mwaka ule ule kipindupindu kilikuwa kimeshamchukua mama yake Salme. Akabaki binti yatima, kijana, mwenye mali yake, aliyenuniwa na ndugu wa upande wa Majid kwa alichofanya, na wa upande wa Barghash kwa kuwa baadaye alipatana na Majid. Mji ukamwia mdogo. Akaenda shamba kwake Kizimbani, na kwa kuwa alizoea bahari tangu utotoni Mtoni, akashuka Bububu na kupata nyumba karibu na pwani.

Ukisoma anavyopaandika, Bububu ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo haina ugomvi. Wageni walimjia kutoka mjini kwa mashua na kwa punda, walishinda, walilala, walirudi. Alikuwa na kijito, bahari, na amani. Mpaka leo wenyeji watakuonyesha nyumba ya shamba ya kale pwani wanayoinasibisha naye. Tulipopita tulichungulia getini tu.

Amani ile iliondoka kwa ombi la kistaarabu. Majid alimwomba amwachie nyumba ya Bububu balozi wa Uingereza, aliyetaka mahali pa kupumzikia. Hakukataa. Alirudi mjini, akakaa nyumba iliyopakana na ya wafanyabiashara wa Kijerumani, dari kwa dari. Huko ndiko alikojuana na kijana aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Mengine mnayajua: mwezi Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza akiwa mja mzito, akafika Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafariki, akamwachia watoto wadogo watatu.

Kila tukimtaja Salme tunapata maoni ya aina mbili. Wapo wanaotaka tumlaani, na wapo wanaotaka tumfanye shujaa wa mapenzi. Sisi hatumhukumu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunachokiona ni msichana ambaye mama kafa, baba kafa, ndugu wamegawanyika, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa naye akamuuliza "mwanangu, una nini?" Pale Bububu alikuwa na wageni kila siku, lakini mgeni siye somo. Na gharama aliilipa. Aliporudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani kudai haki yake, Barghash, kaka yule yule aliyemtorosha kwa vitambaa vya wanawake, ndiye aliyekuwa Sultani, na hakukubali hata kuonana naye. Kwake yeye dada aliyetoka kwenye dini hana fungu. Wajerumani nao walikwisha kumtumia kwa mambo yao, wakamwacha. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na katika vitu vyake ukakutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Huyo Barghash, na tusimwonee, ndiye aliyeifanyia Bububu na mji jambo kubwa kuliko yote. Alitawala kuanzia mwaka 1870 mpaka alipofariki 1888. Kabla yake, maji ya mjini yalikuwa ya visima vya chumvichumvi na vya uchafu, na aliyeyachota ni mwanamke mwenye mtungi kichwani, mara nyingi mtumwa. Kipindupindu kilikuja kikarudi. Barghash akaamuru maji yaletwe kutoka chemchemi za upande wa Bububu, kwa mfereji wa mawe na mabomba, mpaka mjini, na watu wateke bila kulipa. Vipande vya ukuta wa mfereji ule bado vinaonekana kando ya barabara ukiwa na macho ya kuangalia. Hata leo Unguja bomba la maji tunaliita mfereji. Tunajiuliza kama alipotazama ramani ya kazi ile alikumbuka kuwa maji hayo yalitoka kule alikoishi dada yake. Pengine ndiyo, pengine alikuwa na mambo mengine.

Sasa tupande Kidichi, maana gari lilishajaa.

Juu ya kilima, kilomita kama nne kutoka njia panda, kuna hamamu. Kwa nje ni jengo jeupe lenye makuba, si kubwa. Sayyid Said alilijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mwenye damu ya kifalme ya Uajemi, ambaye jina lake limeandikwa kwa namna nyingi, lakini wengi humwita Sheherazade. Ndani kuna chumba cha kuvulia nguo, birika la kuogea, vyoo, mahali pa kulala ukandwe, na juu ya kuta chokaa iliyochongwa maua, mitende na tausi.

Hao ndege ndio waliomvutia bibi harusi wetu. Alilelewa kwa kuambiwa picha za viumbe haziwekwi, na nyumba za Waomani wa zama zile zilikuwa na mikono mizito kwenye jambo hilo: maua na mistari, basi. Lakini huyu mke alikuja na mafundi wa kwao au na desturi za kwao, na Sayyid akamwachia. Salme anamweleza kuwa alikuwa mzuri, mwenye matumizi makubwa, anapenda kupanda farasi na kuwinda na watu wake wa Kiajemi, wala hakujali sana kujifunika kama walivyojifunika wengine. Wake wa kasri walikuwa na la kusema kila siku. Mwisho wake waliachana, akarudi kwao. Hakuacha mtoto hapa, ameacha hamamu.

Waongozaji wa watalii wanapenda kumsimulia kama hadithi ya mapenzi, mfalme na malkia wake juu ya kilima cha karafuu. Sisi tukikaa kwenye kile kibaraza cha mawe tunamfikiria binti wa watu aliyeolewa mbali, lugha si yake, dini ni moja lakini desturi mbalimbali, chakula kingine, jua jingine, na wakwe wenye macho. Kwetu harusi za Muscat, Dubai na London si jambo geni. Tunawafunga wasichana masanduku ya udi na kanga tukawapeleka uwanja wa ndege. Bibi harusi wetu naye anakwenda Muscat. Hakusema kitu pale, ila aliuweka mkono wake juu ya ukuta, penye tausi mmoja aliyekatika kichwa, kwa muda mrefu kidogo. Ukuta una unyevu. Chokaa inamomonyoka, na majina ya watu yamekwaruzwa kwa misumari. Aliyeandika "Juma anampenda" fulani hapo juu, Allah amuongoze.

Tulipotoka tulimkuta bibi mmoja mwenye eneo karibu, akatuuzia asmini. Familia yake ilipata eka tatu baada ya Mapinduzi, pale mashamba makubwa yalipotaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Wakati huo kilikuwa kijiji hasa, anasema, ukisikia gari unatoka nje kuangalia. Sasa watoto wake wanauza viwanja. Bububu ya leo, kutoka njia panda kwenda juu na kwenda Kihinani, ni nyumba za matofali zinazosogeleana, kuta ndefu, maduka ya simu na ya vipodozi, saluni za kupamba maharusi, na vijana wa bodaboda. Jioni foleni inaanzia mbali. Watu wanafanya kazi mjini na wanalala Bububu, kama alivyofanya yule balozi wa Uingereza, ila bila farasi. Adhana ikitoka msikiti mmoja inapokelewa na wa pili, kisha wa tatu, mpaka baharini. Kijito kinachoshuka kwenda pwani bado kina maji, na bado kina takataka pia, tuseme ukweli. Chemchemi ikijengewa juu yake haibubujiki.

Mtu akitaka kupafuata siku moja, aanze asubuhi. Ashuke Mtoni kwanza aone kuta za kasri na bahari ileile aliyoogea Salme. Aje Bububu, anywe maji ya dafu njia panda. Apande Kidichi kabla ya adhuhuri, jua halijakaza, avae viatu visivyoteleza, kwa sababu sakafu ya hamamu haina huruma. Na akiwa na harusi, asimwache yule bibi wa asmini. Huchuma alasiri, maua yakiwa bado yamefumba, na hufunika kwa jani la mgomba lililoloweshwa.

Tulirudi mjini magharibi inaingia, maua mapajani, daladala imejaa, utingo yule yule. Bibi harusi akamwambia, "Kaka, jina si la garimoshi. Ni la maji." Akamtazama, akagonga bati mara mbili gari liondoke, akamjibu, "Garimoshi, dada. Hata babu yangu alisema hivyo." Tukaachia hapo. Nyumbani somo wake alikuwa mlangoni anatusubiri, hakuuliza tulichokiona, alifunua jani la mgomba, akahesabu asmini kwa macho, akasema hazitoshi.